Boriti za Bi Lavinia

Nether Pockley ni kijiji cha majivuno. Watu huhama London wakanunua kibanda cha mchunga kondoo kwa bei ya jumba, wakagonga vichwa vyao kila asubuhi kwenye mlango mfupi, na ule uvimbe wa kipajini wakauita historia. Lakini hata humo, mahali ambapo kila mtu ana kibanda cha kuringia, hakuna aliyemfikia Bi Lavinia Thrupp.

Nyumba yake aliipa jina la Nanga, ingawa maji makubwa kuliko yote ya kijiji hicho ni dimbwi la bata. Kisa ni boriti za sebuleni. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwaambia wageni kwamba boriti zile zilitoka kwenye manowari iliyowapiga Wahispania.

"Unayaona mashimo haya?" angesema, kidole juu. "Hapa zilipita kamba za mizinga."

Wageni waliangalia juu, wakasema lo, wakarudi kwenye keki. Hadithi hiyohiyo ilisimuliwa kijiji cha jirani, na cha jirani yake, kana kwamba taifa zima lilivunja meli zake ili kuezeka vijumba. Bi Lavinia alijua hivyo. Wale wengine, alisema, ni waongo.

Basi halmashauri ya kijiji ikaamua kutundika kibao cha chuma kwenye nyumba kongwe kuliko zote. Bi Lavinia alikwisha chagua mahali pa msumari. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Wilf Gammon wa ng'ambo ya barabara, mfuga ng'ombe ambaye kuku wake walilala barazani na paa lake la nyasi lilikuwa limeota nyasi nyingine. Kushindanishwa na mtu huyo Bi Lavinia aliona ni kutukanwa. Siku ya Jumapili, mbele ya mlango wa kanisa, waumini wote wakisikia, alikula kiapo.

"Kibao kikienda kwa yule wa kuku, mimi nauza nyumba nahama."

Akaletwa mtaalamu, Daktari Philippa Goodacre, mwanamke mfupi mwenye drili ndefu. Alitoboa boriti za nyumba zote mbili akachomoa vijiti vyembamba vya mbao, kwa kuwa miviringo ya mti humwambia ajuaye mwaka uliokatwa. Akazungukazunguka pia uani kwa Wilf na kurunzi, akaenda zake. Aliporudi na majibu, Bi Lavinia alishikilia yasomwe sebuleni kwake, na chai juu. Kasisi Hartley, mwenyekiti wa halmashauri, alikuja mapema kwa ajili ya jamu.

Wilf alikuja mwisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti kile.

"Mabuti nje, Bwana Gammon," alisema Bi Lavinia. "Hili si zizi."

"Haya, mama."

Akaingia na soksi, kidole gumba kimechungulia. Bi Lavinia alikitazama kidole kile kama kitu kilicholetwa na paka, akamwonyesha kigoda kilicho mbali na zulia.

Daktari Goodacre alikohoa. "Mialoni ya nyumba zote mbili ilikatwa msimu mmoja wa baridi, zaidi ya miaka mia tano iliyopita."

"Sare!" Bi Lavinia alipiga makofi. "Lakini yangu imepigana vita. Kasisi, kibao kije huku. Yake imepigana na nini, viroboto?"

Kasisi alicheka, kisha akajuta.

"Bi Thrupp, hakuna manowari," alisema daktari.

"Na mashimo?"

"Ya hori. Hapo zilichomekwa fito za kuwekea majani, ng'ombe wasimame kwa safu wale."

Bi Lavinia akasonya, jambo ambalo mabibi wa Nether Pockley hawafanyi.

"Mafundi wa zamani walichonga namba kwenye boriti wasije wakachanganya wakati wa kusimamisha," daktari aliendelea, akipanda juu ya kiti. "Zizi la uani kwa Bwana Gammon limebaki nusu. Boriti zake zina alama ya kwanza hadi ya nne. Zako hizi zinaanzia ya tano. Nusu ile iliyokosekana kule ndiyo hii tuliyokalia. Kuta zako zina miaka mia mbili na ushei. Nyumba kongwe ni ya Bwana Gammon; kilicho kikongwe humu ni zizi."

"Babu alisema nusu iliuzwa," Wilf alisema, macho juu, sauti imelainika. "Hatukujua imeishia wapi."

Bi Lavinia alimtazama kasisi. Kasisi aliitazama chai yake kama aliyeona mtu anazama ndani. Aibu ilimpanda bibi yule kutoka shingoni, na hakuna aliyemhurumia, maana hapakuwa na mtu chumbani ambaye hakuwahi kudharauliwa naye.

Wilf akainuka, akatoka bila kuaga. Walidhani kaondoka. Kumbe alikuwa mlangoni anavaa mabuti. Akarudi nayo, tope na mbolea vyote, akakatiza juu ya zulia jeupe kwa mwendo wa taratibu hadi chini ya boriti ya katikati, akaipigapiga ubavuni kama apigavyo ng'ombe wake jioni.

"Bwana Gammon, mabuti!" alisema Bi Lavinia, lakini sauti haikutoka yote.

"Si ulisema yavuliwe kwa sababu si zizi?"

Akachukua kipande cha keki, kikubwa kuliko vyote, akakitafuna akiikagua sebule pembe hadi pembe.

"Na nyumba hii ukiiuza, mama, kama ulivyoapa pale kanisani," alisema, "mimi uniambie kwanza. Ndama wangu wamebanana."