Makabidhiano ya Yunis

Jumatatu ya pili ya Machi 1974, kiti cha Yunis, karani wa masjala katika ofisi moja ya kilimo mjini Kilosa, kilikuwa kitupu. Mkuu wa ofisi, Ndugu Kondo, aliandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio. Jumanne saa moja na nusu asubuhi Yunis aliingia, viatu vina udongo mwekundu wa kwao Berega, akasaini.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazikwa, Ndugu."

"Ungeomba ruhusa."

Yunis alirudi kwa sababu hakuwa amekabidhi ofisi. Anayeondoka, anayempokea na mkuu wao hutia saini karatasi moja, ndipo mtu anakuwa huru. Kule alikokwenda waliiulizia karatasi hiyo, hakuwa nayo.

Shida ilikuwa mtu wa kumpokea. Ndugu Kondo alitukana tangu chai ya saa nne mpaka jioni, na hakuna karani mpya aliyemaliza mwezi. Donati alikaa siku tisa. Domina aliondoka kabla ya chakula cha mchana, akasahau mwavuli. Kila aliyekuja, Yunis alimfundisha upya bila kuinua sauti: faili la kijiji cha Zombo liko wapi, barua ipi ya wanakijiji ijibiwe kwanza. Mkuu alipofoka, yeye alisimama katikati, na matusi yakaishia kwake. Mwaka ule vijiji vipya vyote vilipata mbegu kabla ya mvua.

Mwezi wa nane mdogo wake, Magreti, alikuja ofisini.

"Shikamoo, Ndugu."

"Marahaba."

"Naomba utie saini, dada akapumzike. Amechoka."

"Nani ampokee? Watu wa siku hizi hawana uvumilivu."

"Dada amekufa na bado anawahi kazini. Uvumilivu gani tena?"

Ndugu Kondo alifikiri, akaona ni kweli. Mei Mosi iliyofuata alimpa Yunis cheti cha mfanyakazi hodari. Ile karatasi hakuigusa.

Leo ameripoti karani wa kumi na saba. Yunis amemwachia kiti, yeye amekaa juu ya sanduku la mafaili. Kila Ijumaa Magreti huja kwa basi, humfuta dada yake udongo viatuni, kisha hurudi Berega peke yake.