Dau la Kona ya Kibaraza

Magazeti hufika Mpanda yakiwa yamechelewa siku moja, na yakifika mtaa wa Shanwe watu huyasoma bila kuyanunua. Ponsian, muuza magazeti, huyabana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, ukurasa wa kwanza ukitazama barabara. Kusoma mbele ni bure. Kufungua ndani ni elfu moja. Mkono wa mtu ukigusa ukingo wa karatasi Ponsian hukohoa, na mwenye mkono anaelewa.

Hatua chache kutoka kwenye kamba hiyo Emelyne alikuwa akikaanga karanga, juani. Kibaraza cha duka kilikuwa na kona moja tu ambayo bati lake halikuvuja, na kona hiyo ilikuwa ya Makarius, fundi baiskeli, tangu kabla Emelyne hajaja mjini kutoka kwao Mwese kukaa na shangazi yake Ilembo. Kiangazi hakikuwa na neno. Lakini mwezi wa kumi ulikuwa unaishia, mawingu yalishaanza kujikusanya kila alasiri, na masika yaliyopita jiko lake lilizimwa na mvua mara nyingi hadi akawa anarudi nyumbani na karanga mbichi. Shangazi Marta alimwambia kwa upole kabisa kwamba mwaka huu mambo yakiwa vilevile, itabidi arudi Mwese akasaidie kulima. Emelyne hakutaka kurudi. Alipenda kuwa katikati ya watu, hata kama hakuwa akisema nao.

Maana kusema ndiko kulikomshinda. Mteja akiuliza bei, alionyesha vidole. Makarius alimtania kwamba karanga zake zina kelele kuliko yeye.

Jumamosi moja gazeti la Kengele lilikuja na maandishi makubwa mekundu: SARUJI YA DARAJA YAHAMIA KWA MBUNGE. Chini yake palikuwa na picha ya Mheshimiwa Ezekia, mbunge wa jimbo la jirani, akiwa amenyoosha kidole. Watu walijaa kwenye kamba. Na kwa kuwa Mheshimiwa alishasikika redioni asubuhi hiyo akisema amechafuliwa jina na atalishtaki gazeti hilo, ubishi ulianza palepale.

"Huyu atashtaki," alisema Makarius, spana mkononi. "Namjua. Alishawahi kugombana na kondakta kwa sababu ya siti. Mtu wa hivyo ataachia gazeti?"

"Atashtaki tu," wengine wakaitikia. "Tena atadai mabilioni."

"Hatashtaki," alisema Emelyne.

Hakujua limetokaje. Alikuwa ameinamia sufuria, anageuza karanga, na neno likatoka lenyewe. Watu wote waligeuka. Makarius akaweka spana chini taratibu, kama mtu aliyeona swala akivuka barabara.

"Nani kasema?"

"Karanga," alijibu Ponsian. "Karanga zimesema."

Watu wakacheka. Emelyne alitamani kuingia ndani ya sufuria. Lakini Makarius alishaburuta kigoda chake mpaka mbele ya jiko.

"Haya, binti wa Mwese. Leo umefungua mdomo, usiufunge. Tuwekeane. Mheshimiwa asiposhtaki mpaka Jumamosi ya wiki ya pili, kona yangu hii unaichukua masika yote. Mimi nitahamia hapo juani kwako. Akishtaki, wewe utaita wateja. Kwa sauti. Siku saba. 'Karanga, karanga za moto, njooni', mpaka wale wa stendi wakusikie."

"Na barua ya wakili haihesabiki," Ponsian akadakia, maana alipenda kuwa mwamuzi wa kila kitu. "Kesi iwe imefunguliwa mahakamani. Umekubali, dada?"

Emelyne aliitazama ile kona, mahali pakavu pa kutosha jiko na ndoo moja. Akatikisa kichwa kukubali.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Emelyne alikuwa amesoma ndani.

Nakala moja ya Kengele ya siku hiyo ilichanika mbele wakati wapakuzi wakishusha mizigo kwenye basi, na gazeti lisilo na sura halinunuliki. Ponsian akamtupia Emelyne akafungie karanga. Emelyne aliachia shule darasa la tano, mama yake alipougua, na tangu hapo karatasi za kufungia ndizo zilizokuwa shule yake. Hakuikunja karatasi kabla ya kuisoma. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari, na kwa sababu ya kwenda polepole huko hakuruka neno. Kwa hiyo asubuhi hiyo, kabla wateja hawajaanza kuja, alifika mpaka mwisho wa habari, ukurasa wa tano, pale ambapo hata walionunua huwa hawafiki.

Mwandishi alikuwa amekwenda kwa mama mzazi wa Mheshimiwa. Mama alimkaribisha vizuri, akamnunulia soda, akamzungusha nyumba nzima mpya, mpaka chooni. "Mwanangu ananipenda sana," alisema mama. "Aliniambia, mama wewe tulia, lori la daraja likipita, mifuko yako itashukia hapahapa. Na kweli ilishuka." Kulikuwa na picha yake ameshika ukuta, anacheka.

Emelyne aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Mtu akienda mahakamani kusema gazeti ni la uongo, aliwaza, itabidi aseme na mama yake ni mwongo, tena mbele ya hakimu, na mama mwenyewe amekaa pale kwenye benchi na kitenge chake kizuri. Nani ataweza? Ndipo neno likamtoka.

Siku tano za kwanza zilikwenda vizuri. Ya sita, kamba ya Ponsian ilikuwa na kichwa kipya: MBUNGE AIPA KENGELE SIKU SABA. Wakili wake ameandika barua, gazeti liombe radhi la sivyo wakutane mahakamani.

"Barua haihesabiki," alisema Ponsian.

"Haihesabiki, lakini inanukia," alisema Makarius. Akaanza kumpangia Emelyne namna ya kuita. "Usiseme tu karanga. Sema 'karanga za Emelyne'. Watu wapende jina."

Jioni hiyo Emelyne alipofika Ilembo alipita nyuma ya nyumba ya shangazi, kwenye shamba lililosubiri mvua, akahakikisha hakuna mtu, akajaribu. "Karanga," alisema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Akajaribu tena, na mbuzi wa jirani akainua kichwa kumtazama. Alirudi ndani mashavu yakiwaka. Hakulala vizuri siku hizo. Akifunga macho aliona stendi nzima imesimama inamsikiliza.

Siku saba za barua ziliisha Alhamisi. Redio haikusema kitu. Ijumaa kimya. Jumamosi, siku ya mwisho, basi liliharibika njiani, na gazeti la mwisho la kuamua likawa bado liko porini. Mawingu yalishuka. Makarius alikuwa akiziba tairi ambalo halikuwa na pancha. Emelyne aliunguza karanga sufuria nzima.

Saa tisa Ponsian alikuja akikimbia na furushi kichwani. Alikata kamba ya furushi, akachomoa Kengele, akasoma kwa sauti bila kulining'iniza. "MBUNGE: NIMEWASAMEHE." Akaendelea. "Mheshimiwa amesema yeye ni mtu wa kusamehe, hana mpango wa kwenda mahakamani, na kwamba mama yake mzazi ndiye aliyemwomba."

Kukawa na makofi. Mtu akampiga Makarius begani. Makarius aliitazama picha ya Mheshimiwa gazetini, kisha akainuka na kuanza kukusanya spana zake kwenye boksi moja moja.

Emelyne angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko kitu kingine chochote, na hakuna ambaye angeuliza. Lakini alimwona Makarius akibeba pampu yake kuipeleka nje, penye vumbi ambalo baada ya saa moja lingekuwa matope, na moyo wake ukakataa.

"Kaka Makarius."

Akageuka.

"Mimi nilisoma ndani. Lile lililochanika. Mama yake alisema yote mule, ukurasa wa tano. Nilijua kabla hatujawekeana."

Ponsian akadakia. "Si nilikupa ufungie karanga?"

"Nilifungia. Baada ya kusoma."

Watu walimgeukia Makarius. Yeye alisimama na pampu yake, akahesabu jambo kichwani.

"Mpaka mwisho ulisoma?"

"Mpaka mwisho."

"Hata ile ya chini kabisa, yenye herufi ndogo?"

"Ndiyo, kaka."

Makarius akaguna. "Mimi nimesimama mbele ya hilo gazeti siku nzima. Hakuna aliyenizuia kununua. Nimebana elfu moja, nimepoteza kona." Aliitua pampu juani, chini kabisa, kama mtu anayeweka sahihi. "Dau ni dau. Leta jiko lako kabla sijabadili mawazo. Na nyie mnaocheka, hakuna hata mmoja wenu aliyefungua ndani."

Emelyne alibeba jiko akiwa ameinama ili wasimwone anavyotabasamu. Alilipanga ukutani, ndoo pembeni, mfuko wa mkaa nyuma. Pakawa pake.

Mvua ilikuja kabla hajamaliza kupuliza moto. Ilikuja ile ya kwanza ya mwaka, ya matone makubwa, ikanyanyua harufu ya vumbi na kuwatawanya watu wote kwenye kamba. Ponsian alikimbilia dukani na magazeti kifuani. Makarius alibaki alipokubali kubaki, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake, boksi la karatasi kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni, na hakutaka hata kutazama upande wa kibaraza.

Emelyne alimwangalia kwa dakika nzima. Alisogeza ndoo. Alisogeza na mfuko wa mkaa. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba kunong'ona kusingefaa kitu, hivyo akavuta pumzi.

"Kaka Makarius," aliita, na wale wa ng'ambo ya barabara wakasikia. "Njoo ukae huku. Ila baiskeli ibaki nje."