Kibali cha Kubomoa Nyumba ya Baba

Kosa lilikuwa langu, na lilianza na nta ya sakafu.

Nyumba yetu ni ya mbao. Baba aliijenga juu ya nguzo mwaka niliozaliwa mimi, na ili uingie lazima upande ngazi ya nje yenye vidato kumi na vitatu. Baba alivihesabu kama wazee wote wa kisiwa chetu cha Panay wanavyohesabu: dhahabu, fedha, mauti, dhahabu, fedha, mauti, ili cha mwisho kisiangukie kwenye mauti. Kiliangukia kwenye dhahabu. Tumeishi vizuri humo, siwezi kukataa.

Lakini Juni iliyopita dada yangu Salving alivunjika nyonga, na tangu atoke hospitali hajaweza kupanda hata kidato cha kwanza. Akapelekwa kwa binamu yetu Luring, kwenye chumba cha nyuma ya duka, kati ya magunia ya mchele na friji ya soda. Luring ni mtu mwema. Alihamisha magunia kumi ili kitanda kienee, na kila asubuhi huchelewa kufungua duka ili mgonjwa asishtuliwe na kelele za wateja. Lakini Salving amekuwa mpole, na hilo ndilo linaloniuma. Salving ninayemjua mimi kwa miaka sabini na sita hulalamikia hata mahubiri ya padri. Sasa anaomba ruhusa kufungua dirisha.

Nikamwahidi kwamba Krismasi hii atalala kwetu, kwenye nyumba ya chini isiyo na kidato hata kimoja. Kiwanja chetu hakitoshi nyumba mbili. Kwa hiyo nyumba ya Baba ilibidi ivunjwe, na kuivunja kunahitaji kibali.

Nilikwenda manispaa na Rowena, mke wa mwanangu, ambaye anajua kujaza fomu. Injinia wa majengo, Bwana Tupas, alituona tumesimama kwenye foleni, akatoa kiti chake mwenyewe nyuma ya kaunta akanipa.

"Bibi, nyumba ina miaka mingapi?"

"Sabini na sita, kama mimi."

"Basi hapo pana kazi. Nyumba ikipita hamsini, siwezi kutia sahihi mpaka mtu wa mambo ya kale aje kuikagua. Akisema si urithi wa kutunzwa, kibali unakipata siku hiyohiyo."

"Na mimi nimepita hamsini. Mbona hakuna anayekuja kunikagua?"

"Wanaogopa utawaweka wakuoshee vyombo," akasema, akagonga muhuri kwenye ombi letu.

Barua ikaja kwamba mkaguzi, Bwana Gemora, atatoka mjini Iloilo wiki moja baadaye. Wiki nzima. Kumwambia mwanamke wa kwetu kwamba mgeni anakuja baada ya wiki nzima ni kumpa silaha.

Nilipaka sakafu nta, nikaisugua kwa kumbi la nazi chini ya mguu mpaka ikang'aa kama kioo. Nilifua mapazia ya harusi yangu, nikayatia wanga, nikayatundika mpaka chini, yakafunika nguzo za pembeni. Jirani yetu Teban aliona kona moja ya nyumba imeoza, akaja na ubao mpya na rangi bila kuitwa. Mkewe akaleta maua yake sita ya vyungu, akayapanga kwenye ngazi. Nilipika mbaazi na nyama ya nguruwe na fenesi bichi, kwa kuwa mtu aliyetoka mbali hawezi kuangalia nyumba na njaa.

Bwana Gemora alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani na adabu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula mara tatu, nami nikazungumza muda wote alipokuwa akila. Nikamweleza kwamba mbao hizi ni za msitu ambao sasa haupo, kwamba madirisha haya ya magamba ya chaza Baba aliyapanga kwa mkono, kwamba harusi nne zimechezewa juu ya sakafu hii na haikulia hata mara moja. Rowena alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani amekosa nafasi, nikausogeza.

Majibu yalifika baada ya wiki mbili. Rowena aliyasoma akiwa amesimama.

"'Nyumba imetunzwa kwa namna ya kupigiwa mfano,'" akasoma. "'Nguzo na sakafu ni imara. Haishauriwi kubomolewa.'" Akaikunja barua. "Mama, wewe ulitakiwa uombe kuibomoa. Umeipigia debe kama dalali."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

Nilikwenda kwa Luring kumwambia Salving. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasogeza mto wake ili nipate pa kukaa.

"Si kitu, Itas," akasema. "Hapa pananitosha. Nisiwasumbue watu."

Laiti angenitukana. Nilitembea kurudi nyumbani nikipita njia ndefu.

Kesho yake nilirudi kwa Bwana Tupas. Alisoma barua, akanitazama, akaisoma tena.

"Bibi, mimi nimewahi kupita chini ya nyumba yako. Hizo nguzo imara ni zipi?"

Nikamweleza habari ya mapazia. Akafunika mdomo kwa mkono, na mabega yake yakatikisika kidogo, lakini hakuniaibisha mbele ya watu.

"Andika ombi akague mara ya pili," akasema. "Ila safari hii, Bibi, nakuomba, usiipambe."

"Nimpokee mgeni kwenye nyumba chafu?"

"Mpokee kwenye nyumba ilivyo."

Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama kutofanya kazi siku hiyo. Rowena alikuwa ameweka sheria: hakuna ufagio, hakuna nta, hakuna mapazia, hakuna chakula. Ufagio wenyewe aliupeleka kwa mke wa Teban, kwa kuwa ananijua. Teban naye alikuja na nyundo kuung'oa ule ubao wake, akiomba radhi kwa kila msumari kana kwamba anaung'oa mwilini mwangu.

Bwana Gemora alipofika mlangoni, alitazama madirisha matupu na vumbi, akashusha sauti.

"Poleni, Bibi. Mmepata msiba?"

"Hapana, mwanangu," nikasema, na uso wangu ulikuwa wa moto. "Hivi ndivyo ilivyo. Usivue viatu, kuna vibanzi vya mbao."

Nilimpeleka kwenye kona. Aligusa nguzo kwa ncha ya kalamu, na kalamu ikaingia mpaka kwenye kifuniko chake. Akaitoa polepole, unga wa mchwa ukamwagika juu ya kiatu chake. Akashuka chini ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, magoti yake yalikuwa na matope.

"Mbona mara ya kwanza hukunionyesha haya?"

"Ulikuwa mgeni."

Alisafisha miwani yake, ingawa sikuona uchafu. Nadhani naye ana mama wa namna hii.

"Nguzo nimeziona," akasema. "Lakini hati ina majina mawili. Huyu Salvacion, dada yako, anasema nini? Siwezi kuandika bila kumsikia."

Tukaenda kwa miguu mpaka dukani. Njiani niliogopa, maana nilijua jibu: si kitu, pananitosha. Angelisema hilo, na kijana angeliandika, na tungekuwa tumekwisha.

Salving alikuwa ameketi kitandani. Nilimtambulisha mkaguzi. Dada yangu alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti yenye matope.

"Wewe ndiye uliyekula mbaazi zetu, ukaenda kutuandikia barua ile?"

"Ndiyo, Bibi," akasema, akatafuta pa kuweka mikono.

"Ulikula sahani ngapi?"

"Tatu."

"Tatu. Na macho yako yalikuwa wapi? Paa la chumba changu linavuja tangu mume wangu yu hai. Nimelala na ndoo kama mwenzangu. Kidato cha tano kinacheza. Mwambie mdogo wangu akuonyeshe choo, kama ana ujasiri. Nyumba hiyo naipenda, nimezaa watoto wote humo, usifikiri siipendi. Lakini kila Jumapili wananipitisha mbele yake kwenye kigari cha pikipiki nikitoka kanisani, naiangalia kutoka barabarani kama mtalii. Na hii friji hapa inanguruma usiku kucha. Luring, samahani, wewe ni malaika, lakini friji yako inanguruma."

"Najua, Dada," akasema Luring kutoka dukani. "Nilikuwa nangoja useme."

Nilitoka chumbani nikasimama dukani, kwa sababu sikutaka wanione. Salving aliendelea kwa muda wa robo saa, na kijana aliandika yote.

Safari hii majibu yalichukua siku nne. Nguzo hazifai, nyumba ni hatari, ibomolewe. Ila kwanza ipigwe picha na kupimwa yote, na madirisha ya chaza yatolewe salama, yatumike kwenye nyumba mpya. Jumamosi yake Bwana Gemora alikuja kuipima mwenyewe, siku yake ya mapumziko, na kwa siku nzima alichora kila chumba kwenye karatasi kubwa. Moja alituachia. Bwana Tupas alitia sahihi huku amesimama, akanikabidhi kibali kwa mikono miwili.

Jumatatu Teban alikipigilia langoni, kwani sheria inataka kionekane. Mabati ya kwanza yalipoanza kushuka, Rowena alimsukuma Salving kwenye kiti cha magurudumu mpaka katikati ya ua, mahali ambapo hakuwahi kukaribia tangu aanguke.

"Kitanda changu kitakaa wapi?" akauliza.

Niliokota kijiti, nikachora mstari kwenye udongo: ukuta huu hapa, mlango hapa, kitanda hapa, dirisha huku.

"Dirisha huku? Jua la mchana linipige usoni? Una akili wewe?"

Nikaufuta mstari kwa kandambili, nikachora upya.