Rangi ya Joho la Bikira

Octave alifika Kabambare siku ya Jumatatu, akiwa na ngazi moja, brashi tatu na makopo manane ya rangi ya buluu. Alikuwa mpaka rangi wa Kasongo, na rangi yenyewe ilikuwa imebaki baada ya kupaka joho la Bikira Maria katika kanisa la misheni. Bwana Mkubwa wa teritwari, Mbelgiji aliyetawala wilaya ile, alimwita kwa sababu alikuwa amesoma katika gazeti la kwao Ubelgiji kwamba rangi hutawala moyo wa mtu: nyekundu humchemsha, buluu humtuliza. Gereza lake lilikuwa na watu arobaini waliofungwa kwa kutopalilia pamba ya lazima, na kwa maoni yake hawakuwa watulivu vya kutosha.

Gereza lilimeza makopo sita. Sasa, rangi iliyokwisha kumvika Bikira haimwagwi chini, kila mpaka rangi wa misheni anajua hivyo, na Octave alikuwa mtu wa dini. Kwa hiyo makopo mawili yaliyobaki akayamalizia katika ofisi ya Bwana Mkubwa: kuta, dari, meza, kiti, na mlango upande wa ndani. Hakuna aliyemwagiza. Alirudi Kasongo na makopo matupu na dhamiri safi.

Buluu ilianza kazi asubuhi ya pili. Wafungwa waliacha kugombania mahali pa kulala, wakaacha na kudai chumvi. Aliyechapwa fimbo alisema asante, na askari aliyemchapa akamsaidia kuvaa shati. Wake wenza waliorushiana vyungu waliletwa waketi kidogo penye ukuta, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Bwana Mkubwa naye alitulia. Zamani alihukumu kwa kupiga meza na kutukana mama za watu. Sasa alihukumu kwa sauti ya mtu anayemwuliza mgeni kama amelala salama. Adhabu ilikuwa ileile, siku kumi na nne.

Shida ilikuja siku hizo zilipokwisha. Lango lilifunguliwa, na hakuna aliyetoka. Askari waliwaomba mara mbili, kwa adabu, kisha nao wakaketi.

Mmoja wa waliobaki ndani alikuwa Gérard, mkulima wa kijiji kimoja njia ya Lusangi, aliyefungwa kwa kupalilia muhogo wake kabla ya pamba ya serikali. Mkewe Sidonie alijifungua mtoto wa kiume mume hayupo. Kwa watu wao, baba ndiye humwita mtoto jina, kwa sauti, mbele ya mlango wa nyumba. Kabla ya hapo mtoto hatolewi nje, na akifa hazikwi pamoja na wazee wake. Jina lilikuwa tayari, Mulonda, la marehemu baba yake Gérard. Mtoto alikuwa na siku kumi na tisa na kikohozi kibaya, na Sidonie aliogopa hata kusinzia.

Siku ya ishirini alimwachia mama mkwe mtoto, akaenda gerezani. Alikuwa bado amepakwa ngula, ule unga mwekundu wa mti ambao mama wazazi hupakwa mwili mzima, kuanzia mabega hadi nyayo. Askari wa lango alimpisha.

"Hapa iko muzuri," Gérard alimwambia. "Hakuna makelele."

"Mutoto hana jina, baba. Na anakohoa."

"Atangoja."

Sidonie alikaa kwenye buluu ileile iliyowalaza wanaume arobaini, na hakutulia hata kidogo. Hasira yake ilibaki mahali pake, nzima. Akajitazama mikono, akaelewa, akampangusa mumewe kifuani na mgongoni kwa viganja vyote viwili mpaka ngula ikashika. Gérard akasimama. Akakumbuka fimbo, akakumbuka muhogo wake uliomezwa na majani, akauliza leo ni siku gani. Alipojibiwa, mishipa ya shingo ilimtoka, na wakatoka nje pamoja mbele ya askari waliowatakia safari njema.

Njia ya nyumbani ilipita mbele ya ofisi, na hapo ndipo Gérard alipogeuka.

"Twende kwanza nyumbani," Sidonie alimsihi. "Umuite mutoto jina, kisha ugombane na mutu unayetaka."

Hasira hasara, walisema wahenga, na Gérard alikuwa na hasira ya wiki nne aliyoipata yote kwa mara moja. Alisema atamweleza Bwana Mkubwa ana kwa ana. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji, kwa kuwa mtu mwenye ngula huchafua viti vya serikali. Askari alimwosha kifua na mgongo, taratibu, kama anavyooshwa mgonjwa, akamfungulia. Sidonie aliachwa kizingitini.

"Bwana, miye sitalima tena pamba," Gérard alianza kwa kishindo, na alipofika kwenye neno pamba alikuwa anaomba radhi.

Bwana Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja. Akampa siku nyingine kumi na nne, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametia sahihi ruhusa ya yeye kutoka gerezani. Kisha akauliza habari za nyumbani, akaambiwa kuna mtoto asiye na jina. Habari hiyo ilimgusa kweli. Alifikiri kidogo, akachukua kalamu na daftari la watu.

"Tumwite Pacifique," alisema. "Maana yake mutu wa amani."

"Jina iko muzuri," alisema Gérard.

"Anaitwa Mulonda," Sidonie alisema kutoka mlangoni.

Karani aliyeketi kando ya meza alimjibu kwa upole kwamba wino umekwisha kukauka daftarini.

Sidonie alirudi peke yake. Mama mkwe alimpokea kwa habari njema: tangu mchana mtoto ameacha kulia. Na hakulia tena. Hakulia kwa kikohozi wala kwa njaa; alilala akitazama dari, amefumbua macho, na Sidonie akawa analazimika kukumbuka mwenyewe saa za kumnyonyesha, kwa sababu mtoto hakuomba. Kesho yake msimamizi wa pamba alipita na kusema shamba la pamba la Gérard limejaa majani. Sidonie aliosha ngula, akamfunga Pacifique mgongoni, akaenda kupalilia.