Usingizi wa Kufuli

Mtaa mzima ulimwita Kufuli, ila si mbele yake. Alirudi kutoka kazini alasiri kama kawaida, akanawa uso kwenye beseni, akala alichowekewa, akajitupa kitandani chali. Feni haijashika kasi, akaanza kuongea usingizini kwa sauti ya ajuza: "Mwanangu, mguu umepungua kuvimba, usihangaike kuja, njiani askari wengi." Akakoroma kidogo. Kisha akaongea kwa sauti ya msichana aliyekuwa akilia.

Mkewe alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akishona vifungo. Nje, chini ya dirisha, majirani walikuwa wamechuchumaa kimya, na aliyekuwa na kofia aliivua. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hawa waliinama kila siku.

Kufuli alifanya kazi kwenye ofisi inayozuia ujumbe. Tangu wiki ya uchaguzi serikali ilikuwa imefunga mitandao. Mwanzoni watu walitumia VPN, programu za kukwepea kizuizi, wakawa wanazungukia nchi za mbali kuulizia bei ya vitunguu mtaa wa pili, nazo zikafungwa. Ukabaki ujumbe mfupi wa simu, lakini wowote wenye neno lililopigwa marufuku, hata "askari" tu, ulipitia kwenye kompyuta ya Kufuli, naye akabonyeza, ukapotea. Ndivyo alivyoamini yeye. Kila alichokizuia asubuhi kilimtoka mdomoni alasiri, neno kwa neno, kwa sauti ya aliyekiandika.

Watu walielewa upesi. Ujumbe wa kawaida ulisuasua njiani siku kadhaa au haukufika kabisa. Uliozuiwa ulifika siku hiyohiyo. Basi kila mwenye haraka akawa anachomeka neno la marufuku, kama anayebandika stempu. "Mtoto kazaliwa, maandamano, wa kike." "Wizi wa kura, mama, usisahau sabuni." Kinyozi wa pale kona, ambaye kichwa chake hakisahau kitu, aliyabeba maneno yote hadi kibandani kwake, na waliotumiwa wakayafuata kutoka mitaa mingine, wengi wao hata kunyoa hawanyoi.

Hakuna aliyemwambia Kufuli. Na kwa kweli lilikuwa jambo la kumnyamazisha mtu: kifua kimoja kinapanda na kushuka, na ndani yake mji mzima unaitana. Kuna mwanamke ambaye mumewe wa mbali alimwandikia maneno ya wimbo, na Kufuli akauimba hadi mwisho, kwa sauti ya mume yule, bila kukosea. Walipoondoka siku hiyo watu walitembea kwa ncha za vidole.

Mkewe alisubiri sauti moja tu. Mdogo wake wa kiume, fundi wa simu aliyekuwa akiwawekea watu VPN, alichukuliwa mara tu mitandao ilipofungwa, na hakuonekana tena. Kufuli alimuulizia mara moja ofisini, kwa sauti ya chini, akashauriwa asirudie. Mama yao alihamia hapo nyumbani, akawa anakaa upande wa pili wa kitanda.

Sauti ikaja siku ya mawingu, baada ya ujumbe wa mtu aliyepotelewa na mbuzi.

"Dada, ni mimi. Askari mmoja kaniazima simu, sina muda. Niko chini ya ofisi ya shemeji, chumba cha ardhini. Kuna kidirisha usawa wa njia. Kila asubuhi naona viatu vyake vinapita. Mwambie mama nakula. Usimlaumu shemeji, dada. Hatazami chini tu."

Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Binti yake alimtazama mwanamume aliyelala, akahisi anampenda na anataka kumkaba, yote kwa wakati mmoja.

Kufuli akaamka, akaomba chai.

"Mbona mmenikodolea macho?"

"Umelala vizuri," mkewe alisema. "Kazini kulikuwaje?"

"Kawaida. Maneno ya watu. Unabonyeza, yanakwenda zake."

"Huyasomi?"

Akapuliza chai. "Nikiyasoma, mke wangu, nitalalaje?"

Mama alimvuta binti yake jikoni. "Mwambie! Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakimiminia chai?"

"Nikimwambia ataenda kuuliza, mama. Na wakijua tunajua, watamhamisha mdogo wangu. Au watamfanyia baya zaidi."

"Na asipouliza?"

Kinyozi, aliyekuwa amewafuata na kujibanza nje ya dirisha la jikoni, alisema bila kumtazama mtu, "Na usingizi ukimpotea, dada, sisi tutabaki mabubu." Alisema kwa aibu, na alisema kweli.

Asubuhi iliyofuata mke alivichukua viatu vya mumewe, akavipiga rangi, akavisugua mpaka vikang'aa. Akapiga magoti, akamfunga kamba mwenyewe kwa fundo la masikio matatu. Ndilo alilokuwa akimfungia mdogo wake enzi za shule, na hakuna mwingine duniani aliyelijua, maana alilibuni yeye.

"Kwani mimi mtoto?" Kufuli alicheka.

"Tulia. Ukifika penye ukuta wa ofisi, usikimbilie getini. Simama kidogo."

"Nifanye nini?"

"Upumue."

Alasiri walichuchumaa wengi kuliko siku zote, kwa sababu kinyozi si mtu wa kunyamaza. Kufuli alilala. Ukaja ujumbe wa dawa zilizokwisha, ukaja wa harusi iliyoahirishwa, kisha kifua kikapanda, na sauti ya kijana ikasema taratibu, "Dada, askari kaniazima tena. Masikio matatu. Nimeyaona."

Mama alilia waziwazi na hakuna aliyembembeleza. Kufuli akageukia ukutani, akakoroma kwa sauti yake mwenyewe.

Kesho yake hakuna kilichofunguliwa, si mitandao, si chumba cha ardhini. Kufuli alikunywa chai, akavaa koti, akatumbukiza miguu kwenye viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mkewe hakuwa amemwomba. Akamnyooshea mguu, macho yakiwa ukutani, akasubiri afungwe kamba.