Goti Lisilo na Saratani

Wiki ya sita tangu apasuliwe goti, Hafidha alifika tena hospitalini, kwenye dirisha la karani wa mionzi, mkono mmoja begani kwa mumewe, Bwanausi. Walitoka Kiwangwa alfajiri. Kidonda kilikuwa kimefunga, ila mguu ulikuwa bado haukunjiki.

Daktari aliyempasua hakumficha kitu. Ndani ya kiungo paliota nyama za rangi ya kutu, zinavuja damu na kula mfupa. Si saratani. Amezikwangua, lakini hazikwisha zote, na zisipopigwa mionzi kabla ya wiki ya nane zitaota upya. Hafidha, mlimaji wa mananasi tangu utotoni, akawa anahesabu siku kwa vidole.

Safari ya kwanza waliambiwa barua yao ya kuombea msamaha wa malipo haina muhuri wa wilaya. Wakaufuata Bagamoyo, afisa yuko semina, wakarudi mara nne. Safari ya pili mashine ilikuwa mbovu. Leo ilikuwa inafanya kazi, wagonjwa wanaingia na kutoka.

Bwanausi, mzee wa kumzaa yule karani, Nasrin, ndiye aliyeamkia.

"Marahaba," akaitikia Nasrin bila kuinua macho. Akasoma barua, akaigeuza, akaisoma tena. "Msamaha wa mionzi ni wa wagonjwa wa saratani. Huyu hana."

"Daktari kaandika wiki nane, mama."

"Nimeona. Angekuwa nayo, angeingia leo. Kama hamna msamaha, mnalipia."

Bwanausi akasoma bei iliyobandikwa kiooni; mavuno ya mwaka mzima yasingeifikia. Hafidha akainama hadi kwenye tundu la kioo, akauliza kwa sauti ya chini kama haiwezekani kumwandikia kuwa anayo.

"Usijitabirie mabaya, dada," Nasrin akasema, akafunga faili.

Maombi mengine, akawaeleza, hupelekwa kwenye kamati. Kamati ilikaa wiki ya kumi. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: muda wa tiba hiyo umekwisha kupita.

Ijumaa iliyofuata, mama mkwe wa Hafidha, Mwanamkasi, alitimiza nadhiri aliyoiweka ili isiwe saratani, akaita majirani kwa dua ya shukrani. Hafidha alikalishwa kitini, wenzake wote mkekani. Kila aliyeingia alimbusu, akamwambia ashukuru, wangapi wameondoka kwa saratani. Ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, viganja vikainuliwa.

Hafidha naye aliinua vyake, akaitikia amina. Chini ya kanga goti lilikuwa linawaka moto, limevimba, ngozi ya kovu imevutika hata inang'aa.