Vidole Gumba vya Shangazi

Masikio ya mdogo wangu Tokuji yalizimika miaka mingi iliyopita, na tangu hapo hucheka wa mwisho. Watu wakivunjika mbavu, yeye huangalia midomo, humgusa mkewe, huandikiwa kwenye kikaratasi, kisha hucheka peke yake wakati wenzake wameshahamia habari nyingine. Siku ya harusi ya bintiye Chinatsu, hapa Matsumoto, Japani, aliniomba jambo moja tu.

"Dada Mitsuyo, leo nataka kucheka pamoja na watu."

Hiyo ndiyo kazi yangu: kuwaandikia wasiosikia kile kinachosemwa, papo hapo, wakisome kwenye skrini. Vijana huandika kwa herufi za kizungu, silabi moja vitufe viwili. Mimi ni wa kibodi ya vidole gumba. Kitufe ukikibonyeza peke yake, inatoka kana moja, yaani herufi ya Kijapani ya silabi nzima. Ukikibonyeza sambamba na kitufe cha kidole gumba, inatoka nyingine. Pigo moja, silabi nzima. Kibodi hizo hazitengenezwi tena, na wanaonicheka wanicheke, lakini sijaona mdomo wa kuniacha nyuma.

Basi nikaweka yangu mezani, nikamtegea Tokuji skrini mbele ya kiti chake, mambo yakawa shwari. Hotuba ya bosi wa bwana harusi ilipita bila mzaha hata mmoja. Kisha wazazi wakaanza kuzunguka kuwamiminia wageni bia. Tokuji alimmiminia baba mkwe wake jirani na meza yangu, na kwa adabu akamkazia macho mdomoni asipitwe na neno la mzee. Glasi ikajaa, chupa bado imeinama, bia ikatiririka juu ya kibodi yangu.

"Tokuji! Angalia!" nilipiga kelele.

Ukumbi mzima uligeuka, isipokuwa yeye. Alipoona alichofanya, uso ulimshuka nikamwonea huruma, ingawa sekunde moja kabla nilitaka kumpiga na hiyo chupa.

Chinatsu akanijia na kimono chake chekundu alichotoka kukivaa, nywele zimejaa pini, akivuta kompyuta ya ukumbi.

"Shangazi, hii ina kibodi ya kawaida. Naweka programu ya kubadili kazi za vitufe. Hivi viwili vya kando ya kitufe cha nafasi ndivyo vidole gumba vyako."

"Bibi harusi, wageni wanakungoja!" mshereheshaji aliita.

"Wangoje, namkarabati shangazi!"

Nikajaribu. Ikatoka takataka tupu.

"Kidole gumba chako kinachelewa, shangazi."

"Kinachelewa? Hicho kimeanza kazi kabla mama yako hajaolewa! Mashine yako ndiyo ina haraka."

Akacheka, akatazama. Kweli: programu ilitaka vitufe viwili viguswe karibu kwa wakati mmoja kabisa, la sivyo ilivihesabu kimoja kimoja. Akairefushia subira kidogo. Nikajaribu tena, maneno yakatoka safi kama mchele uliopembuliwa. Nilitaka kumbusu, ila poda ilikuwa nyingi.

Na hapo nani akashika kipaza sauti? Yoshinobu, mjomba wa bibi harusi. Huyu ana kisa kimoja tu, na hakosi kukitoa kila harusi: siku Tokuji alipokuja kuposa, akapiga magoti, akamwinamia baba mkwe hadi paji la uso likagusa sakafu, na hakuinuka. Baba mkwe akangoja, akangoja, kumbe kijana amelala! Watu hucheka, Tokuji hutazama huku na huku, na kikaratasi kikimfikia kisa kimeshakwisha.

Vidole vyangu vikamfuata Yoshinobu neno kwa neno. Akafika pale baba mkwe anangoja, akanyamaza, kama kawaida yake, ili watu waive. Sheria yetu ni moja: andika kilichosemwa, usiandike kitakachosemwa. Nikamtazama mdogo wangu ameinamia skrini. Vidole gumba vikashuka vyenyewe: *Kumbe kijana amelala.*

Tokuji akaangua kicheko kikubwa, peke yake, ukumbi ukiwa kimya. Kisha akasimama.

"Mwongo mkubwa wewe! Sikulala! Miguu iliingia ganzi, nikashindwa kuinuka! Miaka yote hii mnanisingizia usingizi!"

Ukumbi ukalipuka. Baba mkwe mwenyewe, mzee yule, aligonga meza kwa kiganja. Chinatsu alicheka hadi pini zikamdondoka, na Tokuji alicheka katikati yao, nao wakicheka, wote kwa pamoja. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

Yoshinobu alibaki na kipaza sauti mkononi.

"Nani amemwambia?"

Nikaandika na hilo pia. Sheria ni sheria.